Vipaji vya usukani Morogoro vyakosa ngazi ya kupandia

MBIO za magari zinapofika mkoani Morogoro, shughuli katika vijiji vilivyo kandokando ya barabara za vumbi husimama kwa muda. Wazee hutoka nje, watoto hupanda juu ya vichuguu, na vijana wa bodaboda huegesha pikipiki zao ili kutazama magari yakipita kwa kasi ambayo barabara hizo haziioni siku nyingine yoyote. Mbio zikishakwisha, magari hupakiwa kwenye malori na kurudi yalikotoka. Vijana nao hurudi kwenye pikipiki zao, na kinachobaki ni vumbi na hadithi.

Hali hiyo inaibua suala ambalo wadau wa michezo nchini hawajalipa uzito unaostahili. Kijana aliyezaliwa Matombo, Kinole au Mgeta, ambaye ana kipaji cha kuendesha gari na ana nia ya kuifanya kazi hiyo kuwa ajira yake, anaanzia wapi? Katika soka jibu linafahamika: mtaani, shuleni, timu ya daraja la chini, kisha ligi. Katika ndondi na riadha jibu lipo, hata kama njia yenyewe ni nyembamba. Katika mbio za magari, jibu la kweli ni kwamba haanzii popote, isipokuwa amezaliwa katika nyumba yenye gari la mashindano.

Ni vyema kwanza kutofautisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Katika Marekani na Ulaya, dereva wa mashindano ni mfanyakazi. Ana mkataba, ana mshahara, na timu humnunulia matairi na mafuta. Katika Afrika Mashariki, kwa sehemu kubwa, dereva wa mashindano ndiye anayelipa. Hununua gari, huwalipa mafundi, hulipia ada ya kushiriki, na akibahatika hupata wadhamini wa kupunguza makali. Kwa hiyo anayeitwa bingwa huku kwetu huwa amekwisha kufaulu katika biashara, au familia yake imefaulu, kabla hajafaulu katika mchezo.

Kwa upande wa mazingira, Morogoro haina sababu ya kulalamika. Mji huo uko chini ya milima ya Uluguru, ambayo vilele vyake hupita mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, na unafikika kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya lami ya takriban kilomita 190. Tangu Juni 2024 unafikika pia kwa treni ya umeme ya reli ya kisasa. Ukitoka mjini kuelekea milimani, barabara hupanda kwa kona kali zenye udongo mwekundu, unaogeuka utelezi wakati wa masika. Ukielekea tambarare, kuna barabara ndefu za changarawe na mashamba makubwa ya mkonge na miwa. Ni nadra kupata aina zote hizo za barabara karibu na mji mmoja.

Aidha, ujuzi wenyewe upo na unatumika kila siku. Madereva wanaoshusha ndizi, viungo na mboga kutoka milimani hadi sokoni mjini hufanya kazi ambayo dereva wa mashindano angeielewa mara moja. Wanajua ni kona ipi inayofunga ghafla, wapi changarawe imelala juu ya udongo mgumu, na ni gia gani ya kushukia ili breki zisichemke. Tofauti ni kwamba wao hufanya hivyo wakiwa na gari chakavu, bila mkanda wa kutosha, na bila mtu wa kuwaeleza kwamba wanachokifanya kinaweza kupimwa kwa saa na kufundishwa.

Historia nayo inaonyesha kwamba Tanzania haikuwa mgeni katika mchezo huu. Mwaka 1953, mashindano yaliyokuja kujulikana duniani kote kwa jina la Safari Rally yalipoanzishwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1966 na 1967 ushindi ulichukuliwa mara mbili mfululizo na Bert Shankland, Mskochi aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, akiwa na msoma ramani wake Chris Rothwell katika gari aina ya Peugeot 404. Wakati huo Dar es Salaam ilikuwa moja ya vituo vya mchezo huo, sawa na Nairobi na Kampala.

Baadaye Safari Rally ikabaki Kenya peke yake, na pamoja nayo vikabaki Kenya watengenezaji wa magari, mafundi wao, wapiga picha na fedha. Majirani walivuna matunda ya hali hiyo. Joginder Singh wa Kenya alishinda mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda na kuhamia Kenya, alishinda mara tano, nne kati ya hizo zikiwa mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Patrick Njiru alimaliza wa nne mwaka 1994 akiwa na Subaru, na Mganda Charles Muhangi akatwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1999. Tanzania ilibaki na raundi yake katika ubingwa wa Afrika, na mbio za Iringa zenye jina la Mtwa Mkwawa zimeirejesha nchi kwenye ramani. Ahmed Huwel wa Iringa ameonyesha kuwa dereva anayeishi nje ya Dar es Salaam anaweza kushindana na wakubwa wa bara hili. Hata hivyo, mafanikio ya mtu mmoja mmoja hayajageuka kuwa mfumo.

Kikwazo cha kwanza ni bei. Gari la daraja linaloitwa Rally3, ambalo Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, lililibuni mahsusi ili kuwapunguzia vijana gharama, liliingia sokoni likiuzwa takriban euro 100,000 kabla ya kodi. Hilo ndilo gari la bei nafuu lenye kuendeshwa na magurudumu yote manne. Daraja la juu yake, Rally2, ambalo ndilo linaloshinda ubingwa wa Afrika, bei yake ni zaidi ya mara mbili ya hiyo. Juu ya gari kuna matairi, vipuri, gari la huduma, mafundi, usafirishaji na bima. Kwa kijana anayeishi kwa pikipiki ya mkopo, hesabu hizo hazina maana yoyote.

Kenya ilijaribu kuvunja ukuta huo. Safari Rally iliporejea katika ubingwa wa dunia mwezi Juni 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, waandaaji waliona aibu ya kuandaa sherehe ambayo wenyeji ni watazamaji tu. Chini ya mpango wa FIA wa kukuza vipaji, vijana watatu, McRae Kimathi, Hamza Anwar na Jeremy Wahome, walipewa magari ya Ford Fiesta Rally3 na mafunzo, kwa msaada wa wadhamini wa ndani. Mwezi Februari 2022 Kimathi alikwenda kushindana katika theluji ya Sweden, jambo ambalo hakuna Mkenya aliyekuwa amelifanya kabla yake katika mbio hizo. Mwaka huohuo Maxine Wahome alishinda daraja la WRC3 katika Safari Rally, akiwa mwanamke wa kwanza kushinda daraja hilo katika raundi ya ubingwa wa dunia.

Mafanikio hayo yanastahili heshima, lakini yana mafunzo mawili ambayo Tanzania haina budi kuyatazama kwa makini. Funzo la kwanza ni kwamba mlango ulipofunguliwa, waliokuwa tayari kuingia walikuwa watoto wa mchezo wenyewe. Baba yake McRae, Phineas Kimathi, alikuwa dereva wa mbio kabla ya kuwa kiongozi wa Safari Rally, na mwanawe alipewa jina la Colin McRae, Mskochi aliyeshinda Safari mwaka 1997, 1999 na 2002. Baba yake Hamza, Asad Anwar, ni dereva wa mbio. Baba yake Maxine, Jimmy Wahome, vilevile. Hapana shaka kwamba vijana hao wana uwezo. Lakini uwezo wao ulipata muda wa kukaa nyuma ya usukani tangu utotoni, na muda huo hauwezi kutolewa na mpango wa mwaka mmoja au miwili. Hata Kalle Rovanperä wa Finland, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 2022 akiwa na umri wa miaka 22 na siku moja tu, ni mtoto wa Harri Rovanperä, mshindi wa mbio za Sweden mwaka 2001.

Funzo la pili ni kwamba kumpa kijana gari si sawa na kumpa kazi. Viti vya kulipwa katika ubingwa wa dunia ni vichache, navyo vimo mikononi mwa timu chache kubwa. Hakuna kati ya vijana hao watatu aliyepata kiti cha kudumu katika timu hizo. Kufika Sweden ni hatua, ila baada ya Sweden kunahitajika msimu wa pili, wa tatu na wa nne, na kila msimu unahitaji mtu wa kuulipia. Ngazi yenye kidaraja kimoja cha juu na kingine cha chini, katikati hakuna kitu, haipandiki.

Mfano unaofaa kutazamwa unatoka mbali zaidi, katika mbio za NASCAR za Marekani, ambako magari yenye sura ya magari ya kawaida huzunguka katika viwanja, vingi vikiwa vya mviringo. Kwa miongo mingi mchezo huo ulikuwa wa Wazungu wa majimbo ya kusini. Wendell Scott, Mmarekani Mweusi wa kwanza kushinda mbio za ngazi ya juu, alishinda Jacksonville mwezi Desemba 1963, na ikabidi kusubiri hadi Oktoba 2021 ndipo Bubba Wallace aliposhinda Talladega na kuwa wa pili. Mwaka 2004 NASCAR ilianzisha mpango wa kutafuta na kulea madereva kutoka jamii zilizoachwa nyuma. Wallace alipita humo. Kyle Larson, bingwa wa mwaka 2021, alipita humo pia.

Kijana anayevutia zaidi katika mpango huo ni Rajah Caruth, aliyezaliwa mwaka 2002 na kukulia Washington. Familia yake haikuwa na gari la mashindano wala fundi. Alianzia nyumbani, kwenye mbio za kompyuta zinazoiga uendeshaji halisi kwa usukani na pedali, akafanya vizuri kiasi cha kuonekana, akaingizwa katika mpango wa malezi, kisha akapanda daraja moja baada ya jingine huku akisoma chuo kikuu. Mwezi Machi 2024, akiwa na miaka 21, alishinda mbio za magari ya pikapu za NASCAR mjini Las Vegas. Mradi wa FIA wa kusaka vipaji vya dunia ulitumia pia mashindano ya kompyuta kama moja ya milango yake, na Romet Jürgenson wa Estonia, aliyeibuliwa na mradi huo, alikuwa bingwa wa dunia wa vijana mwaka 2024.

Mantiki ya mifano hiyo ni rahisi. Kipaji cha udereva hakionekani mpaka mtu apewe nafasi ya kuendesha, na nafasi hiyo ikiwa ghali mno, wenye fedha peke yao ndio wataonekana kuwa na vipaji. Kwa hiyo kazi ya mfumo si kumtafutia kijana mmoja gari la euro 100,000. Kazi yake ni kushusha bei ya jaribio la kwanza, ili mamia wajaribiwe na wachache wapatikane.

Morogoro ina vitu vya kuanzia. Mji una Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na Chuo Kikuu cha Mzumbe hakiko mbali. Chuo cha VETA kipo Kihonda. Mashine moja ya kuigiza uendeshaji, ikiwa katika chuo chenye umeme na intaneti, inaweza kutumiwa na vijana wengi kwa wiki moja bila tone la mafuta. Kiwanja kimoja cha vigari vidogo vya mashindano, hata cha udongo, kingewapa watoto kile ambacho Rovanperä alikipata kwa baba yake. Kisha ipo milango ambayo haihitaji gari kabisa. Msoma ramani, anayemsomea dereva kona moja baada ya nyingine kutoka daftarini, ni nusu ya timu na hupanda jukwaani pamoja na dereva. Fundi anayeweza kubadilisha giaboksi kwa dakika chache ana kazi Nairobi, Kampala na Lusaka. Wapo pia wapima muda na wasimamizi wa usalama. Vijana wa vijijini wanaweza kufunzwa kazi hizo kabla ya kila mashindano, badala ya kuachwa wakitazama.

Wapo watakaosema kwamba nchi yenye zahanati zisizo na dawa haina sababu ya kufikiria mbio za magari. Hoja hiyo ni nzito, na ndiyo maana fedha za umma zisiwe chanzo kikuu. Wanaouza mafuta, matairi, bima na magari wanafaidika na mchezo huu kwa matangazo. Ni haki sehemu ya udhamini wao ielekezwe kwa chipukizi kwa masharti yaliyoandikwa, badala ya kuishia kwenye stika za magari ya mabingwa.

Hoja nyingine inauma zaidi kwa watu wa Morogoro. Barabara imeuchukulia mkoa huo watu wengi. Salum Abdallah, mwanzilishi wa Cuban Marimba, alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe, nyota wa Morogoro Jazz, alikufa kwa ajali karibu na Mombasa mwaka 1979. Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoteza maisha katika ajali eneo la Dakawa Aprili 12, 1984. Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu na moto wake ukaua watu zaidi ya 100. Katika mkoa wenye kumbukumbu hizo, kuhamasisha kasi ni jambo la kufikiriwa mara mbili, hasa pale ambapo vijana wa bodaboda wanaweza kuiga wanachokiona siku ya mashindano.

Lakini mashindano yaliyosimamiwa vyema yanafundisha kinyume cha hicho. Gari la mbio lina fremu ya vyuma ndani, mikanda inayofunga mabega yote mawili na vifaa vya kuzima moto. Dereva havuki mstari wa kuanzia bila kofia ngumu na leseni. Kasi inaruhusiwa tu katika hatua zilizofungwa kwa watu wengine. Akiwa katika barabara ya kawaida, dereva hufuata sheria za usalama barabarani kama mwingine yeyote, na akizivunja huadhibiwa. Kijana aliyefundwa hivyo anajua kwamba kasi ina mahali pake. Kinyume chake, kijana aliyeachwa ajifunze mwenyewe atajifunzia barabara ya Dar es Salaam, kati ya mabasi.

Kuna sharti jingine ambalo halina mjadala. Misitu ya Uluguru ndiyo chanzo cha maji yanayoingia Mto Ruvu, unaotegemewa na mamilioni ya wakazi wa Dar es Salaam. Hatua za mashindano zinafaa zibaki tambarare na katika mashamba makubwa, kwa ridhaa ya wenye ardhi, na zisiguse miteremko ambayo wakulima wanahangaika kuizuia isimomonyoke. Barabara itakayoharibiwa na mbio irekebishwe kabla ya mvua, kwa kuwa mkulima wa Kinole anaihitaji Jumatatu ili ndizi zake zifike sokoni.

Baraza la Michezo la Taifa lipo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1967. Chama cha Magari Tanzania, AAT, ndicho kiungo cha nchi na FIA. Klabu za mikoa zipo, na waandaaji wenye uzoefu wapo. Kinachokosekana ni makubaliano madogo yanayotekelezeka: kila mashindano yanayopewa kibali yaache nyuma yake idadi fulani ya vijana waliofunzwa, wenye majina katika orodha, watakaoitwa tena mwaka unaofuata. Bila orodha hiyo, kila msimu huanza upya kana kwamba hakuna aliyewahi kutazama.

Pengine katika vijana wote watakaojaribiwa Morogoro, hatapatikana hata mmoja wa kufika Sweden. Hilo si hasara, maana fundi, msoma ramani na dereva wa lori mwenye nidhamu ni faida kwa nchi yenye barabara ndefu. Hasara iliyopo sasa ni nyingine. Inawezekana kabisa kwamba dereva bora ambaye Tanzania ingeweza kumtoa yupo leo milimani, anashusha ndizi kwa gari lisilo na breki za uhakika, na hakuna mwenye saa ya kumpima.